Conrad Kohrs: bwana ng'ombe hakuwa lazima bwana ardhi

Wengi hudhani matajiri wa ng'ombe wa Marekani walimiliki malisho yote yaliyoliwa na mifugo yao. Sivyo. Conrad Kohrs, Mjerumani aliyefika Montana, kaskazini-magharibi mwa Marekani, mwaka 1862 enzi za dhahabu, alianza kama muuza nyama kwa wachimbaji. Mwaka 1866 alinunua ranchi ya mfugaji Johnny Grant, karibu na mji wa Deer Lodge, kwa dola 19,200. Hapo ndipo palikuwa makao yake, lakini ng'ombe wake walitawanyika kwenye ardhi ya umma, takriban ekari milioni 10, bila uzio.

Malisho ya bure yalikuwa pia mtego. Wafugaji walijazana, nyasi zikaisha, kiangazi cha 1886 kikazikausha zilizobaki. Majira ya baridi yaliyofuata, theluji iliyeyuka kidogo, ikaganda tena kuwa gamba gumu la barafu. Ng'ombe hawakuweza kufukua nyasi, na akiba ya nyasi kavu haikutosha. Wakafa makundi kwa makundi. Kohrs aliinuka kwa mkopo wa dola 100,000 usio na dhamana kutoka kwa A. J. Davis, mwenye benki wa Butte.

Kohrs aliacha pia maktaba mjini Deer Lodge. Yeye na mkewe Augusta waliijenga kumkumbuka mwana wao William, aliyefariki mwaka 1901.