Usingizi, hasira na kumbukumbu: maswali kutoka Lamu

Mume wangu huvua usiku. Akirudi asubuhi, ukimwuliza samaki wameuzwaje anafoka. Ni tabia au ni usingizi?

Kama siku za mapumziko ni mpole, ni usingizi. Ubongoni mna sehemu iitwayo amigdala, inayowasha hofu na hasira, na sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ndiyo huituliza. Mtu akikesha, mawasiliano baina yao hulegea na neno dogo likawa kubwa. Tena hujitenga. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kuwa mtu aliyekesha hutaka wenzake wamkae mbali zaidi, na wanaomtazama humwona mpweke, wasitamani kushirikiana naye. Basi mpe chumba chenye giza alale. Hesabu ya samaki ingoje.

Kijana wangu ana miaka 14, anahifadhi Kurani. Akeshe akirudia?

Alale. Aya mpya hupokewa kwanza na hipokampasi, sehemu ya ubongo inayopokea kumbukumbu mpya. Katika usingizi mzito kemikali iitwayo asetilikolini hushuka, na hapo ubongo huyapitia upya ya mchana na kuyahamishia tabaka la nje, yakae. Umri wake unahitaji saa 8 hadi 10. Asome baada ya Magharibi, apitie kidogo akienda kulala, mwalimu amsikilize asubuhi. Fimbo haimsaidii mtoto anayesinzia.

Kahawa chungu na miraa vinanichangamsha. Si vinatosha?

Havitoshi. Kadiri unavyokaa macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya ubongoni na kukuletea usingizi. Kafeini, kichangamsho kilichomo katika kahawa, haiiondoi, huwahi tu mahali pake, kama mgeni aliyekalia barazani nafasi ya mwenyewe. Ikiondoka, uchovu wote unakurudia. Nusu ya kafeini huchukua kama saa 5 kutoka mwilini, kwa hiyo ukinywa saa mbili usiku, saa saba bado unayo nusu. Miraa ni kali zaidi: kichangamsho chake, kathinoni, huachilia dopamini, kemikali ya ubongo inayoleta raha na hamasa, maneno yakamiminika, halafu ikiisha mtu hununa na usingizi haumjii. Mimi ningeanza kupunguza hiyo.

Na Ramadhani, tukiamkia daku?

Kailula, usingizi mfupi wa mchana, ya dakika 20 hadi 30 baada ya Adhuhuri husaidia, ingawa haijazi pengo lote.

Baba hulala usiku kucha, lakini mchana husinzia na husahau.

Sikilizeni anavyolala. Akikoroma kwa nguvu na pumzi ikawa inakatika, mpelekeni hospitali apimwe.