Kupe wa uani Mwanza: banda, nyasi na mawe

Ukimwogesha mbwa dawa Jumamosi, na Jumatano ukamkuta na kupe wapya masikioni, usikimbilie kuilaumu dawa. Iliua waliokuwa mwilini siku ile. Wenzao walikuwa wamejibanza kwenye nyufa za banda, chini ya mawe na nyuma ya mbao zilizoegeshwa ukutani. Kupe wa kahawia wa mbwa hupanda mwilini mara tatu katika maisha yake: akiwa lava mwenye miguu sita, akiwa nimfu mwenye miguu minane, kisha akiwa mkubwa. Kila mara hunyonya siku kadhaa, hushiba, huanguka, hujificha. Siku anazokaa juu ya mbwa, ukizijumlisha, kwa kawaida hazifiki mwezi. Muda wote uliobaki yuko uani kwako, na kupe mkubwa asiyepata damu anaweza kuvumilia njaa mwaka mzima na zaidi.

Jike aliyeshiba hutaga mayai maelfu kwa mkupuo mmoja, kisha hufa. Kwa joto letu la kando ya ziwa mayai huanza kuanguliwa baada ya wiki tatu hivi, na kizazi kizima kinaweza kukamilika ndani ya miezi miwili au mitatu. Kwa hiyo kazi ya kupe ni kazi ya kalenda. Anayepulizia mara moja na kutulia atawaona tena, tena wengi.

Kabla ya kununua dawa, wajue walipo. Chukua kitambaa cheupe cha flana, mita moja kwa mita moja, kifunge kwenye fimbo na kamba, ukiburute polepole juu ya nyasi asubuhi umande ukishakauka. Kigeuze kila baada ya mita 10 ukikague. Lava ni wadogo kuliko punje ya mchicha, hivyo inamisha macho kabisa. Kwenye banda la mbwa kitambaa hakisaidii. Huko ingia na tochi usiku, uangalie juu, kwa sababu kupe wa mbwa hupenda kupanda: kwenye kenchi, kwenye matundu ya misumari, nyuma ya bawaba za mlango, kwenye maungio ya tofali ambayo hayakupigwa lipu. Watu wengi hupulizia sakafu wakaacha kuta na dari, halafu wanashangaa.

Mahali kupe aliponatia mwilini pia panakueleza mengi. Wa sikioni kwa ng'ombe, wa kahawia, ndiye anayeeneza ndigana kali (East Coast Fever). Wale wadogo wa kijivu-samawati wanaojaa shingoni, ubavuni na tumboni hueneza ndigana baridi (anaplasmosis) na ugonjwa wa kukojoa damu. Yule mkubwa mwenye madoa ya rangi, anayependa kiwele, kinena na chini ya mkia, huleta ugonjwa wa maji moyo, na kidonda anachoacha huoza haraka. Hawa watatu si kupe wa banda la mbwa. Ukiwakuta uani ujue wameletwa na mifugo, yako au ya jirani inayopita, au na majani uliyoyakata mwenyewe. Nitayarudia majani.

Tuanze na banda, maana ndipo kazi nzito ilipo. Toa kila kitu: magunia, maboksi, vitambaa anavyolalia mbwa. Vya kuchoma vichome, vya kufua vichemshe. Fagia kuanzia dari kushuka chini, uchafu wote uuchome. Usiumwage nyuma ya ukuta, mayai yataanguliwa hukohuko. Kisha ziba nyufa. Lipu ya saruji moja kwa mchanga nne inatosha, na hakuna dawa itakayokufaa muda mrefu kuliko lipu hiyo. Banda la mbao ni gumu zaidi, kwa kuwa kila ungio ni maficho. Kama mbao zimeoza, naona ni nafuu kulibomoa na kujenga upya kuliko kununua dawa kila mwezi.

Dawa ya kuta na dari iwe ya jamii ya pairethroidi, yaani saipamethrini au deltamethrini, iliyosajiliwa kwa ajili ya mabanda, ikachanganywa kwa kipimo cha kwenye chupa. Lita moja ya mchanganyiko inatosha takriban mita za mraba 20 hadi 25 za ukuta. Ukuta ulowe bila kuchuruzika. Ukichuruzika unapoteza dawa na unaipeleka ardhini. Mbwa asirudi ndani mpaka pakauke kabisa. Rudia baada ya siku 14, na tena baada ya siku 14 nyingine. Sababu ya kurudia ni kwamba dawa haiui mayai, na wanaojibadilisha ngozi ndani kabisa ya ufa haiwafikii. Mpulizio wa pili na wa tatu unawangoja wanapotoka.

Siku hiyohiyo ya banda, mwogeshe mbwa. Hili la siku moja nalisisitiza. Ukilitibu banda leo na mbwa wiki ijayo, majike walioko mwilini wataanguka ndani ya banda safi na kutaga. Amitrazi, dawa ya kuogeshea, ya asilimia 12.5 kwa mbwa huchanganywa mililita 4 kwa lita moja ya maji. Kwa ng'ombe na mbuzi ni mililita 2 kwa lita, maana yake bomba la mgongo la lita 15 linahitaji mililita 30. Pima kwa bomba la sindano au kikombe chenye alama. Kifuniko cha chupa si kipimo. Dawa ikipungua nguvu, kupe wenye uvumilivu hubaki na kuzaana, na baada ya misimu michache dawa hiyo haifanyi kazi mtaa mzima. Ikizidi, mbwa hulegea, husinzia, moyo hupungua kasi. Mchanganyiko wa amitrazi utumike siku hiyohiyo ndani ya saa chache, kwa kuwa ukilala hupoteza nguvu.

Mlowanishe mpaka ngozini, si juu ya manyoya tu. Anza shingoni, kisha ndani ya masikio kwa kitambaa kilicholowa dawa, katikati ya vidole, makwapani, chini ya mkia. Kati ya vidole ndipo panaposahaulika zaidi. Mwache akauke kivulini, usimsuuze, na mzuie asijilambe. Mbwa mgonjwa, mwenye kisukari au mtoto chini ya miezi mitatu asiogeshwe amitrazi. Punda na farasi wasiguswe nayo kabisa. Paka naye asiguswe na amitrazi wala pamethrini, ambayo nayo ni ya jamii ya pairethroidi. Pamethrini humuua paka, na hata kulala ubavuni mwa mbwa ambaye hajakauka kunaweza kumdhuru. Mwenye uwezo wa kununua dawa ya matone ya fipronili au kidonge cha fluralana kwa daktari wa mifugo atapunguziwa kazi: matone hulinda mwezi mmoja hivi, kidonge hufika wiki 12. Kazi ya banda lakini haipungui.

Mambo mawili nayaona mara kwa mara Kanda ya Ziwa, na yote mawili yaachwe. La kwanza ni dawa ya pamba. Kwa kuwa tuko kwenye mikoa ya pamba, chupa ya dawa ya shambani haikosekani nyumbani, na mtu anaona kupe ni mdudu kama wadudu wengine. Nyingi ya dawa hizo zimetengenezwa ili zipuliziwe kwenye majani ya mimea, na hupenya ngozi. Mbwa au mbuzi akianza kutoka mate mengi, kutetemeka na kukojoa ovyo baada ya kupuliziwa, amedhurika; msuuze kwa maji mengi na sabuni huku ukivaa glovu, na umpigie daktari hapohapo. La pili ni oili chafu ya gari. Inaunguza ngozi, mnyama anailamba, ini na figo zinaumia, na kupe wa bandani wala hawajui kuwa kuna kilichotokea.

Sasa nyasi na mawe. Kupe mchanga hukauka upesi akipigwa na jua, hivyo ukoka uliofyekwa hadi sentimita 5 au 8 ni adui yake mkubwa. Nyasi zilizofyekwa zikusanywe kwa reki na ziondolewe, zisiachwe zimelala zikihifadhi unyevu. Wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei, fyeka kila wiki mbili. Kiangazi hata mara moja kwa mwezi hutosha. Kati ya uzio wa minyaa na sehemu wanapocheza watoto acha ukanda wa mita moja usio na mmea, umwage kokoto au moramu. Kupe hawaruki wala hawapai. Wengi hupanda kwenye ncha ya jani wakanyoosha miguu ya mbele kumsubiri anayepita, na ukanda mkavu wenye jua hawapendi kuuvuka.

Wakazi wa milimani, Igogo, Mabatini, Bugando, wana mtihani mwingine. Huwezi kufyeka jiwe. Chini ya mawe makubwa kuna kivuli na unyevu mwaka mzima, na panya na pimbi wanaokaa humo ni chakula cha kupe wachanga. Kupulizia kila mwanya ni kupoteza fedha. Mianya iliyo karibu na nyumba izibwe kwa mawe madogo na udongo wa saruji, takataka na pumba zisiachwe zikaita panya, na banda la mbwa lihamishwe angalau mita kadhaa kutoka kwenye mawe, mahali panapopata jua la asubuhi. Kuhamisha banda kunasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Kuhusu majani ya kulishia: mwenye ng'ombe wa ndani au mbuzi wa Buswelu, Kisesa au Buhongwa anaweza kujiona salama kwa kuwa mifugo yake haitoki. Lakini lava walioko kwenye ncha ya jani hukatwa pamoja na jani, hufungwa mzigo, husafiri kwa baiskeli na kushuka kwenye hori lako. Ng'ombe wasiotoka bandani wamekufa kwa ndigana kali kwa njia hii. Usikate kwenye njia za ng'ombe wala kwenye ngitili, yaani eneo la malisho lililotengwa, iliyochungiwa karibuni. Yakiletwa, yatandaze juu ya turubai juani mpaka yanyauke, uyageuze mara mbili tatu, kisha turubai nalo likung'utwe mbali na banda. Mbuzi au ng'ombe wa kutoka mnadani aogeshwe kabla hajaingia uani, akae peke yake wiki mbili, aogeshwe tena ndipo achanganywe. Ndama wa kuwa ng'ombe wa maziwa achanjwe ndigana kali. Chanjo ni mara moja tu maishani. Haimkingi na ndigana baridi wala maji moyo, basi kuogesha kunaendelea.

Wapo wanaosema kuku watamaliza kupe. Kuku hula kupe kweli, waliojaa damu hasa, lakini hawaingii kwenye nyufa wala hawawaoni lava. Na banda la kuku lina kupe wake, bapa na laini, wanaotoka usiku kunyonya na kurudi ufani kabla ya mapambazuko. Kuku wanaopauka upanga na kupunguza mayai bila ugonjwa unaoonekana, kagua chini ya vichanja vyao usiku kwa tochi.

Tukiwa ukingoni mwa ziwa, kuna sharti lisilo na mjadala. Pairethroidi ni sumu kali kwa samaki hata kwa kiasi kidogo mno. Maji ya mvua ya milima yetu hayakawii: hupita juu ya mawe, huingia mitaroni, hufika Mto Mirongo na kumwagika ziwani. Usipulizie mvua ikiwa imefunga. Usioshe bomba ziwani wala kisimani. Usinyunyize chochote ndani ya mita 60 za ukingo, zile zinazolindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Huko tumia fyekeo na reki peke yake. Suuza bomba mara tatu, maji ya kusuuzia yapulizie kwenye ukuta uleule wa banda, na chupa tupu itoboe ili asije mtu akaitumia kuwekea mafuta ya kula.

Kupe akikunata wewe mwenyewe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja juu, taratibu, bila kuzungusha. Usimpake mafuta ya taa wala kumchoma kwa kiberiti. Akichokozwa anaweza kurudisha mate yenye vimelea mwilini mwako. Usimpasue kwa kucha. Mtie kwenye spiriti, nawa kwa sabuni, andika tarehe. Homa ikija ndani ya wiki mbili, hasa ikiwa na kidonda chenye gamba jeusi, mwonyeshe daktari hicho kidonda. Na kama mlilala kwenye nyumba ya sakafu ya udongo yenye papasi, yaani kupe laini wa nyumbani, taja hilo pia: homa ya papasi hupanda, hupoa siku kadhaa, hurudi, na kipimo cha haraka cha malaria hakiioni. Huonekana kwa hadubini, kwenye damu ileile inayopakwa kioo kutafuta malaria, kama anayeangalia ameambiwa atafute.

Kwa mbwa, dalili za kuwahi ni fizi kupauka, kukataa chakula, homa, kutoka damu puani au mkojo kuwa mwekundu. Hapo kuogesha hakutoshi tena. Anahitaji daktari wa mifugo na kipimo cha damu, na kwa Mwanza sampuli inaweza kupelekwa kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Damu ichukuliwe kabla hajachomwa sindano ya kwanza ya dawa, kwa kuwa baada ya hapo vimelea hupungua na majibu huweza kuonyesha mzima mbwa ambaye bado ni mgonjwa.