Maana ya miji dada na nafasi ya vijana katika uhusiano huo

Miji dada, ambayo wengine huiita miji pacha, ni miji ya nchi tofauti iliyokubaliana kwa maandishi kushirikiana kwa muda mrefu katika elimu, utamaduni, biashara au huduma za jamii. Kwa kawaida makubaliano hayo huridhiwa na mabaraza ya miji na kusainiwa na mameya. Si mkataba wa serikali kuu mbili, na mara nyingi hayatengewi fedha za kutosha, hivyo kazi ya kila siku huangukia kamati za wananchi wanaojitolea, wakiwemo walimu, wazazi, wafanyabiashara na wastaafu.

Wazo hili lilipata nguvu wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia na baada yake. Coventry ya Uingereza na Stalingrad ya Urusi, ambayo leo inaitwa Volgograd, ziliunganishwa mwaka 1944, vita vikiwa bado vinaendelea na miji yote miwili ikiwa imebomolewa kwa mabomu. Huko Marekani, Rais Dwight Eisenhower aliitisha mkutano mwaka 1956 kuhimiza wananchi wa kawaida wafahamiane na wenzao wa nchi nyingine, na hapo ndipo ilipoanza harakati inayoratibiwa leo na shirika la Sister Cities International.

Kisa kinachoieleza dhana hii kwa uwazi kuliko vyote ninavyovifahamu ni cha miji miwili ya pwani inayotazamana kutoka ng'ambo mbili za Bahari ya Pasifiki: Rikuzentakata, ulioko kaskazini-mashariki mwa Japani, na Crescent City, mji mdogo wa bandari kaskazini kabisa mwa California. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 9.0 lilizusha tsunami iliyofagia sehemu kubwa ya Rikuzentakata, na watu waliokufa au kupotea wakazidi 1,700. Siku hiyohiyo mawimbi ya tsunami hiyo, ingawa yalikuwa yamepungua nguvu, yaliharibu bandari ya Crescent City. Wakazi wa huko walikuwa wakiujua msiba wa namna hiyo tangu mwaka 1964, tsunami iliyotokana na tetemeko la Alaska ilipoua watu 11 katika mji wao.

Mwezi Aprili 2013 mashua yenye urefu wa takriban mita 6, iliyogandwa kila upande na viumbe wa baharini wenye magamba, ilitupwa na maji katika ufuo wa Crescent City. Ilikuwa Kamome, mashua ya Shule ya Sekondari ya Takata ya Rikuzentakata, iliyokuwa imesombwa na tsunami na kusukumwa na mikondo ya bahari kwa miaka miwili. Wanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Del Norte waliisafisha na kudai irudishwe kwa wenyewe, na kabla mwaka haujaisha ikawa imerudi Japani. Mwanzoni mwa mwaka 2014 vijana hao wakasafiri hadi Rikuzentakata, na baadaye wenzao wa Takata nao wakavuka bahari kwenda California. Shule hizo zikawa shule dada, na mwaka 2018 miji yenyewe ikasaini makubaliano.

Mpangilio huo wa matukio una uzito mkubwa kwangu. Viongozi walipofika kusaini, tayari kulikuwa na vijana wanaojuana kwa majina na wazazi waliokwisha kuwapokea watoto wa wenzao majumbani, wakala nao meza moja. Mahali ambapo saini hutangulia na watu hawafuati, uhusiano huishia kwenye picha za mameya na kibao cha njiani.

Mabadilishano ya utamaduni kwa vijana, basi, ni zaidi ya ngoma na mavazi yanayoonyeshwa jukwaani kwa jioni moja. Mgeni hukaa na familia mwenyeji, huingia darasani, na hushiriki kazi za mahali hapo. Kwa jamii za pwani kuna somo ambalo vitabu hulifundisha kwa shida: namna watu wa bandari nyingine wanavyovua, wanavyosoma dalili za bahari na wanavyokimbilia mahali pa juu maji yanapotishia. Kijana wa Crescent City aliyesimama Rikuzentakata na kusimuliwa na mwenzake juu ya siku ile anaelewa ramani ya maeneo ya hatari ya mji wake kwa undani mwingine kabisa.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ina mahusiano ya aina hii. Tanga imeunganishwa na Eckernförde, mji wa Ujerumani ulio kando ya Bahari ya Baltiki, tangu mwaka 1963, kabla hata ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Mombasa iliunganishwa na Seattle mwaka 1981, na Dar es Salaam na Hamburg mwaka 2010. Katika mahusiano ya aina hii, ugumu mkubwa ni usawa wa safari. Kijana wa Ulaya au Marekani hupata nauli na viza kwa urahisi zaidi kuliko kijana wa Tanga au Mombasa, na upande mmoja ukizoea kutembelea huku mwingine ukipokea tu, mabadilishano hugeuka kuwa ziara. Ndiyo maana kamati makini hupanga tangu mwanzo idadi sawa ya wasafiri wa kila upande, huchangisha nauli za pande zote mbili katika mfuko mmoja, na huanza kushughulikia viza miezi mingi kabla ya safari.