Je, wajua kwa nini redio ndogo hunasa stesheni za mbali zaidi ikiwa ufukweni?

Mtu akiwasha redio ya mkononi ya AM ndani ya nyumba Kariakoo saa mbili usiku, huenda asisikie zaidi ya mvumo na mikwaruzo, ilhali redio hiyohiyo, ikipelekwa kwenye mchanga wa Kimbiji au Pemba Mnazi, upande wa Kigamboni, inaweza kutoa sauti kutoka ng'ambo ya bahari. Wapo wanaodhani siri iko katika ufundi wa kuifungua redio na kuibadilishia antena. Ufundi huo una nafasi yake, lakini sehemu kubwa ya kazi hufanywa na maji ya chumvi pamoja na giza.

Tuanze na giza. Mchana, tabaka la anga liitwalo D, lililo kilomita 60 hadi 90 juu yetu, hufyonza mawimbi ya kati, yaani yale yanayobeba stesheni za AM, ndiyo maana stesheni ya AM husikika mchana katika eneo la karibu tu. Jua likishatua, jambo ambalo Dar es Salaam hutokea kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, tabaka hilo karibu litoweke, na mawimbi hupanda hadi kwenye matabaka ya juu zaidi, kuanzia kilomita 100 hivi, ambayo huyarudisha chini mbali sana na yalikotoka.

Hapo ndipo bahari inapoingia. Maji ya bahari hupitisha umeme vizuri kuliko ardhi kavu kwa mamia, hata maelfu ya mara. Wimbi litokalo mbali hufika likiwa limelala, karibu sambamba na upeo wa macho, na msikilizaji hupokea kwa pamoja wimbi lililokuja moja kwa moja na lile lililoakisiwa na uso ulio mbele yake. Juu ya ardhi kavu mawimbi hayo mawili hupingana na kudhoofishana. Juu ya maji ya chumvi huungana na kuongezeana nguvu. Kanuni za ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, za kukadiria nguvu ya mawimbi ya kati usiku zina hesabu maalumu ya faida hii ya bahari, ambayo katika safari ndefu inaweza kukaribia desibeli 10, yaani sawa na mtambo wa kurushia kuongezewa nguvu mara kumi. Faida hiyo hupungua kadiri msikilizaji anavyosogea bara. Chukua mtambo wa kilowati 1,000 uliojengwa Rajkot, Gujarat, kwa ajili ya Redio ya India katika kilohezi 1071: kutoka huko hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 4,000, karibu zote maji. Wimbi la umbali huo hudunda zaidi ya mara moja kati ya anga na dunia, na linapodunda baharini hupoteza nguvu kidogo kuliko ambavyo lingepoteza nchi kavu.

Sasa redio yenyewe. Ndani yake kuna kipande cheusi cha feraiti (aina ya kauri yenye chuma), mara nyingi kisichozidi sentimita 10, kilichozungushiwa waya mwembamba. Hiyo ndiyo antena ya AM, na ile fimbo ya kuvuta juu haihusiki. Wanaopenda kusaka stesheni za mbali hukiondoa na kuweka feraiti ndefu zaidi, iliyozungushiwa waya wa nyuzi nyingi zilizosokotwa, kila uzi umepakwa vanishi yake. Wengine hupanga feraiti nyingi kuwa kama bomba na kuzungusha waya kwa nje. Hapa fundi asikimbilie kuongeza mizunguko, kwa sababu koili, yaani waya huo uliozungushwa, lazima iendane na saketi. Redio za kidijitali zenye chipu ya Si4734, kama Tecsun PL-380, hutaka koili ya mikrohenri (kipimo cha koili) 180 hadi 450. Nje ya mipaka hiyo redio hushindwa kujirekebisha katika baadhi ya masafa, na antena kubwa inageuka hasara.

Hata antena iliyotengenezwa vizuri haisaidii sana katikati ya mji, kwa kuwa hukuza kelele sawasawa na inavyokuza stesheni. Chaja za simu, taa za LED na televisheni za majirani zote hutoa mawimbi katika masafa hayohayo. Mwenye fedha kidogo, kwa maoni yangu, atumie nauli kabla ya kununua feraiti.

Akifika ufukweni, aigeuze redio polepole. Feraiti husikia vizuri zaidi ubavu wake ukielekea kwenye mtambo, na karibu isisikie kitu ncha yake ikielekea huko, hivyo stesheni ya karibu inayofunika ya mbali inaweza kuzimwa kwa kugeuza mkono tu. Stesheni za Afrika na Asia zimepangwa kwa nafasi ya kilohezi 9, kwa hiyo chujio jembamba, linalopitisha masafa machache tu, husaidia kutenga 1071 na majirani wake wa 1062 na 1080. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, hufaa kuliko masika, ambapo radi hujaza masafa mlio wa kupasuka. Stesheni za mashariki huanza kuingia mara jua linapotua hapa, kwa kuwa kwao tayari ni usiku. Alfajiri ndizo hutangulia kupotea, huku zile za bara na za kusini zikibaki hadi kunapopambazuka kabisa.