NFT yako ikiwa ndogo kama kifungo cha shati: dhana potofu na ukweli

Mwaka jana kijana mmoja aliingia dukani kwangu Makoroboi, hapa Mwanza, ninapochapa stika na mabango, akataka nimtengenezee stika ya pikipiki kutokana na picha yake ya NFT, yaani picha ya kidijitali inayoambatana na tokeni, alama ya umiliki inayonunuliwa mtandaoni. Kwenye kompyuta ilipendeza kweli: paka wa kahawia mwenye kofia ya nahodha, hereni ya dhahabu na mnyororo shingoni, na nyuma yake jua la machweo. Kisha akanionyesha picha hiyohiyo kwenye WhatsApp yake, pembeni ya jina.

"Kaka, hiki ni kiatu?" nikamuuliza.

Hakucheka. Tuliongea karibu saa nzima siku ile, na aliyoniambia nimeyasikia tena kwa wateja wengine tangu hapo.

Dhana: picha yenye ubora mkubwa haipotezi kitu ikiwa ndogo

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Faili lako laweza kuwa na pikseli (vijiraba vya rangi vinavyounda picha) 4,000 kila upande, lakini kwenye orodha ya chati programu italibana hadi liwe duara dogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Pikseli nyingi za jirani zinachanganywa kuwa moja. Kope, unywele na mnyororo vinageuka uji. Kinachosalia ni umbo la nje na tofauti ya mwanga na giza, basi.

Angalia CryptoPunks, mkusanyiko wa NFT za nyuso uliotolewa na kampuni ya Larva Labs mwaka 2017. Ni picha 10,000, na kila moja ina pikseli 24 kwa 24, yaani vijiraba 576 tu. Zilichorwa zikiwa ndogo tangu mwanzo, kwa hiyo ukizibana hazina kikubwa cha kupoteza. Nouns, mkusanyiko mwingine, walioanza 2021 kwa kutoa picha moja kila siku, walitumia pikseli 32 kwa 32 na kumvalisha kila mmoja miwani minene ya mraba. Hata ukiishika simu mbali, miwani ndiyo unayoiona kwanza.

Sisi wa Mwanza jambo hili tunalijua bila kufundishwa. Panda kivuko kutoka Kamanga kuja mjini. Madirisha ya nyumba huyaoni bado, watu wa ufukweni huwaoni, lakini Jiwe la Bismarck umeshalijua. Nyufa zake hazionekani kutoka huko, wala ndege waliotua juu yake. Unachokiona ni jiwe moja limesimama juu ya mengine, na mwanga wa anga nyuma yake.

Dhana: NFT adimu ndiyo inayotambulika

Uadimu ni hesabu ya wangapi wanayo sifa fulani. Hausemi sifa hiyo imechukua nafasi gani kwenye picha. Kati ya CryptoPunks zote, zenye hereni ni 2,459, na zenye kidoa cheusi shavuni ni 644. Kidoa ni adimu karibu mara nne, lakini ni pikseli moja! Mkufu wa kubana shingo unao 48 tu, na kwenye simu ni ufito mwembamba ambao jicho linauruka. Kwa upande mwingine, mazombi 88 na viumbe 9 wa kutoka anga za mbali unawajua papo hapo, maana rangi imebadilika uso mzima, kijani kwa mazombi na samawati kwa viumbe hao.

Kwa hiyo sifa unayotaka kuilipia zaidi, ipime kwanza kwa eneo. Kofia kubwa, rangi ya ngozi, miwani minene, hizo zinafika. Hereni haifiki. Kijana wangu alikuwa amechagua paka yule kwa sababu ya hereni.

Dhana: rangi kali zinatosha

Nyekundu juu ya kijani inang'aa, lakini zinaweza kuwa na mwanga uleule. Fungua sehemu ya kuhariri kwenye simu, ondoa rangi zote, picha ibaki nyeusi na nyeupe. Tulipomfanyia hivyo paka, yeye na jua la nyuma yake wakawa majivu mamoja, huoni sikio linaishia wapi. Tatizo halikuwa rangi. Kahawia na machungwa ya jioni vilikuwa vimekaribiana mno kwa mwanga.

Dhana: ukiigusa picha umeiharibu NFT

Hii ilimtia kijana hofu kweli. Tokeni imeandikwa kwenye blokucheni, daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi, nawe unachohariri ni nakala iliyo kwenye simu yako. Ukikata mabega au ukibadilisha rangi ya nyuma, tokeni inabaki vilevile. Soma tu masharti ya mkusanyiko wako, kwa sababu kununua tokeni hakukupi hakimiliki ya mchoro moja kwa moja.

Na kukata hakukwepeki. Duara likichorwa ndani ya mraba, zaidi ya sehemu moja ya tano ya eneo inapotea, yote pembeni. Twitter (sasa X) iliwahi kuwapa wenye NFT fremu ya pembe sita, Januari 2022, kwa waliolipia, kisha ikaiondoa mwanzoni mwa 2024. Sasa unakatwa duara kama sisi wengine.

Dhana: picha ya pikseli unaikuza utakavyo

Kwa picha ya pikseli 24 kila upande, zidisha kwa namba kamili: 384 au 480. Ukilazimisha 400, vijiraba vingine vinanenepa na vingine vinakonda. Tumia ukuzaji usiolainisha kingo, na hifadhi kama PNG, aina ya faili isiyochafua kingo.

Dhana: wakiitambua picha, wamenitambua mimi

Nenda Mwaloni, Kirumba, utazame mitumbwi. Maumbo yanafanana, na wavuvi wenyewe wanaitofautisha kwa rangi na maandishi ya ubavuni. Bored Ape Yacht Club, mkusanyiko mwingine wa NFT uliotoka Aprili 2021, ni sokwe 10,000 waliokaa mkao mmoja. Mtu ataona "sokwe yule", lakini hatajua ni yupi. Kama marafiki zako kwenye kundi wana mkusanyiko uleule, rangi ya nyuma na kofia ndizo zitakazokutenga nao, na kama nazo mnafanana, itabidi wasome jina.

Tulimaliza kwa kumkata paka mabega, kumsogeza kichwa kijaze duara, na kuweka rangi ya maziwa nyuma badala ya machweo. Kijana hakuridhika mpaka apate shahidi. Jirani yangu anauza dagaa ng'ambo ya njia. Kijana akavuka na simu, akaishika mbali na mama huyo kwa urefu wa mkono.

"Shikamoo mama. Hapa unaona nini?"

"Marahaba. Paka kavaa kofia," mama akajibu, akaendelea kupima dagaa.

Stika niliichapa jioni ile. Hereni mama hakuiona, na kijana mpaka leo inamuuma, maana hereni ndiyo aliyoilipia.