Nani hasa aliyepuliza kioo hicho?

Watu wakiingia kwenye maonyesho ya sanaa ya kioo, cha kwanza ni kutoa simu. Siwalaumu. Kioo kinatoka vizuri kwenye picha, na wapanga taa wanalijua hilo fika. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni ya tanuruni, huanza na kile kibandiko kidogo cha ukutani: jina la msanii, jina la kazi, mwaka, na maneno mawili, "kioo kilichopulizwa". Mara nyingi habari inaishia hapo. Na mara nyingi vilevile, mwenye jina hilo hakushika bomba la kupulizia hata kwa dakika moja.

Sisemi haya kumsuta mtu. Ila asiyejua jinsi kioo kinavyotengenezwa anatoka kwenye maonyesho akiwa ameona nusu tu ya kilichomo.

Ndani ya tanuru kioo huwa na joto la nyuzi 1,100 hivi za Selsiasi, kizito na chenye kuvutika kama asali. Fundi anakichota kwa ncha ya bomba la chuma, na kuanzia hapo bomba halikomi kuzungushwa. Likisimama kidogo tu, kioo kinalalia upande mmoja. Kila baada ya muda mfupi anakirudisha kwenye tanuru la pili, lisilo na kioo ndani, ili kilainike tena. Kama kazi ni kubwa, mmoja anakaa kwenye benchi akizungusha na kuunda, mwenzake anapuliza kutoka upande wa pili wa bomba, wa tatu anakuja mbio na donge la moto la kuunganisha, na wa nne amekinga ubao ili mkono wa aliyekaa usiungue. Hakuna nafasi ya kusema "hebu ngoja nifikirie". Ukifikiri, kimepoa.

Kikikamilika hakiachwi juani wala mezani. Kinaingizwa kwenye tanuri la kupozea, karibu nyuzi 500, na joto linashushwa polepole. Kioo kikipoa haraka, nje kinagandamana wakati ndani bado kinataka kunywea, na mvutano huo unabaki umefungiwa humo. Kinaweza kupasuka usiku uleule, au baada ya mwezi, kikiwa kimeshauzwa. Kikombe kinatosheka na usiku mmoja. Kipande kinene kilichoyeyushiwa ndani ya kalibu kinadai wiki kadhaa, hata miezi. Ndiyo maana huwa nawavulia kofia Stanislav Libenský na mkewe Jaroslava Brychtová, wa Jamhuri ya Cheki: sanamu zao nene, ambazo mwanga unaingia upande mmoja na kutokea mwingine ukiwa umebadilika rangi, zilikuwa kazi ya watu wawili walioandika majina mawili. Yeye alichora, mkewe akaunda kwa udongo na kusimamia kalibu na tanuru. Wameweza kuwa wawili kwenye kibandiko tangu miaka ya 1950, kwa hiyo jambo lenyewe linawezekana.

Cha ajabu ni kwamba sanaa ya kioo ya leo, kwa upande wa Marekani, ilizaliwa kutokana na hamu ya kufanya kazi peke yako. Mwaka 1962 Harvey Littleton, mfinyanzi na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliendesha warsha kwenye eneo la Makumbusho ya Sanaa ya Toledo, Ohio. Swali lake lilikuwa moja: je, msanii anaweza kuyeyusha na kupuliza kioo kwenye karakana yake mwenyewe, bila kiwanda? Mwanzoni mambo yaligoma, kioo kilikataa kuyeyuka vizuri, mpaka Dominick Labino, mtaalamu wa viwandani, alipowasaidia kurekebisha tanuru na kuwapa gololi za kioo zinazoyeyuka kwa urahisi zaidi. Kikapulizika. Mfinyanzi ana gurudumu lake, sasa na mtu wa kioo akawa na tanuru lake.

Na nani akawa mwanafunzi mashuhuri kuliko wote wa Littleton? Dale Chihuly, ambaye jina lake leo limebeba pengine timu kubwa kuliko za wengine wote. Mwaka 1968 alikwenda kwenye kiwanda cha Venini, kisiwani Murano, Venice, akakuta watu wanafanya kazi kwa kikosi, kila mmoja na nafasi yake. Akarudi na wazo hilo nyumbani, na mwaka 1971 akashiriki kuanzisha shule ya Pilchuck katika jimbo la Washington. Mwaka 1976 alipata ajali ya gari nchini Uingereza, akapoteza jicho la kushoto. Miaka mitatu baadaye bega likateguka. Tangu hapo hapulizi. Anachora, anapaka rangi kwenye makaratasi sakafuni, anaelekeza, na mafundi wanatekeleza. Maua ya kioo zaidi ya 2,000 kwenye dari ya hoteli ya Bellagio huko Las Vegas, yaliyowekwa mwaka 1998, ni kazi ya mtindo huo. Maonyesho yake ya Jerusalem, kwenye ngome ya Mnara wa Daudi, yalipata watazamaji zaidi ya milioni moja.

Kuna wanaosema huyo si msanii bali ni meneja. Mimi sioni hivyo. Mtunzi wa taarabu hapigi fidla zote za kikundi. Kinachonikera ni kingine: mtazamaji anaondoka akiamini kuwa mzee mwenye kitambaa jichoni ndiye aliyepuliza kila petali.

Murano kwenyewe hesabu ilikuwa tofauti. Matanuru yalihamishiwa kisiwani mwaka 1291, na jiji likaogopa moto na kuvuja kwa siri za ufundi kwa kiwango kilekile. Fundi mkuu alikuwa bwana, lakini jina lililoandikwa kwenye kazi lilikuwa la kiwanda au la mbunifu aliyeajiriwa. Lino Tagliapietra, aliyezaliwa kisiwani mwaka 1934 na kuingia tanuruni akiwa mtoto, alifanya kazi kwa mpango huo kwa miongo kadhaa. Mwaka 1979 akaenda kufundisha Pilchuck, akiwafundisha Wamarekani yale ambayo nyumbani yalifichwa, na kuna waliomwona msaliti. Kwangu mimi hiyo ndiyo safari muhimu kuliko zote katika sanaa hii kwa miaka hamsini iliyopita. Wamarekani walipata ufundi, naye akapata ruhusa ya kusaini jina lake. Ukikutana na chombo chake chenye nyuzi za rangi zilizosokotana ndani ya ukuta wa kioo, kaa nacho. Hicho alikishika mwenyewe.

Siku hizi Venice ina njia mbili za kuonyesha kioo. Kwenye kisiwa cha San Giorgio Maggiore kuna Le Stanze del Vetro, kumbi zilizofunguliwa mwaka 2012, ambako wanapanga kazi kwa utafiti, mbunifu baada ya mbunifu, kiwanda baada ya kiwanda. Halafu kuna Glasstress, iliyoanza mwaka 2009 chini ya Adriano Berengo: wasanii wa fani nyingine, wengi wao hawajawahi kugusa kioo, wanaletwa Murano na kuunganishwa na mafundi. Matokeo yanapishana sana. Kuna kazi nimeziona ambazo zingetengenezwa kwa plastiki na tusingepoteza kitu.

Lakini ndoa hiyo ikipata mtu sahihi, inazaa. Mfano ninaoutumia kila mara ni Fred Wilson, Mmarekani mweusi, ambaye alianza kufanya kazi na kioo mwaka 2001 huko Pilchuck akisaidiana na mpulizaji Dante Marioni. Mwaka 2003 aliiwakilisha Marekani kwenye Biennale ya Venice, maonyesho makubwa ya sanaa ya mataifa. Alitafuta Waafrika waliojificha katika michoro ya zamani ya jiji lile, watumishi na wapiga makasia waliosimama pembeni ya mabwana, na katikati ya banda la nchi yake akatundika thurea, ile taa kubwa ya darini, la Murano la mtindo wa karne ya 18, maua na majani na mikono yake yote, jeusi tii. Kioo cheusi ni mtihani. Kwa kawaida si nyeusi halisi, ni zambarau au kijani kilichokolezwa mpaka mwanga ushindwe kupita. Na thurea lipo kwa ajili ya mwanga. Mafundi wa Murano walikuwa na ufundi wa kulitengeneza hilo kwa karne nyingi, ila hakuna aliyewahi kuwaomba. Hapo ndipo ninapomwona msanii: wazo ni lake, mkono si wake, na kimoja bila kingine hakina kitu.

Sasa nije kwa mtu wa kwetu. Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza mwaka 1971, na anajulikana dunia nzima kwa vyungu vyake: hatumii gurudumu, anajenga kwa mikono, anakwangua, anasugua mpaka ung'ae, anachoma mpaka rangi igeuke nyekundu ya machungwa au nyeusi. Kila sehemu ya chungu imepitiwa na vidole vyake. Mtu wa namna hiyo unampeleka mbele ya tanuru la kioo afanye nini? Kioo cha moto hakishikiki.

Jibu lilitundikwa mwaka 2014 huko Sunderland, Uingereza, kwenye Kituo cha Taifa cha Kioo, kando ya mto Wear. Kazi inaitwa *Transition II*: vipande 1,001 vya kioo vinavyoning'inia hewani, umbo lake likitokana na jasi la kioo la Misri ya kale, lile pambo la kuvaa kwenye ndewe la sikio. Odundo alichora na kuelekeza; James Maskrey, fundi na msanii wa kituoni pale, alipuliza. Nashukuru kwamba jina la Maskrey hutajwa kazi hii inapozungumziwa.

Tazama idadi hiyo kwa macho ya fundi. Kurudia umbo moja mara elfu si sawa na kulitengeneza mara moja. Vya mwanzo vinatoka vikiwa na wasiwasi, mkono ukishazoea vinalingana, na ukichoka vinaanza tena kwenda upande. Hakuna viwili vinavyofanana kabisa, na Odundo, aliyejenga maisha yake juu ya tofauti ndogo kati ya chungu na chungu, alijua anachokitafuta. Halafu kuna kazi ambayo hakuna anayeipiga picha: kutundika. Kila kipande kina uzi wake na kimo chake, na ukikosea kimo cha safu moja, wingu zima linaonekana limepinda. Mwaka 2019 kazi hiyo ilionyeshwa tena kwenye jumba la sanaa la Hepworth Wakefield, Uingereza, katika maonyesho makubwa ya Odundo, pamoja na vyungu vyake na vitu vya kale vilivyomfundisha. Huko ndiko kulikuwa mahali pake, kwa sababu ukitoka kwenye chungu chenye shingo nyembamba ukaingia chini ya majasi yale, unaona ni mchoraji yuleyule wa mstari.

Chris Day, Mwingereza, yuko upande wa pili kabisa. Alikuwa fundi bomba kabla ya kusomea kioo Wolverhampton, na hakuyatupa mabomba: anapuliza kioo ndani ya vizimba vya mabomba membamba ya shaba na nyaya, kikatutumka kwenye nafasi kilizoachiwa. Kazi zake zinazungumzia biashara ya utumwa na mapambano ya haki za weusi Marekani. London, Vessel Gallery ilimwonyesha mwaka 2020. Mwalimu yeyote wa kioo angekuonya usifanye hivyo, maana shaba ikipoa hunywea karibu mara mbili ya kioo. Yeye anaingia kwenye hatari hiyo kwa makusudi, na vingine vinapasuka. Kibandiko chake sina ugomvi nacho.

Joyce Scott, msanii wa Baltimore, Marekani, naye anahitaji makala yake pekee. Anashona shanga za kioo kwa sindano na uzi mpaka ziwe sanamu, na baadaye akaziunganisha na kioo kilichopulizwa Murano. Kwa msomaji wa Pwani jambo hili lina mizizi: katika karne ya 19 shanga za Venice zilishushwa Zanzibar kwa majahazi na meli, wapagazi wakazibeba hadi Ujiji, na zile nyekundu zilizoitwa samesame zilitosha kununua chakula njiani. Hata waliozitengeneza hizo hatuyajui majina yao.

Na hapa kwetu? Kitengela, pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, Nani Croze alianzisha karakana ya vioo vya rangi, na mwanawe Anselm akajenga tanuru la kupulizia. Arusha kuna karakana iitwayo Shanga, wanakoyeyusha chupa kuukuu, na wengi wa mafundi ni watu wenye ulemavu. Kioo kinachotoka kwenye chupa na madirisha hugandamana haraka kuliko kile kinachotengenezwa maalumu kwa wasanii. Fundi ana muda mfupi kuliko ule ambao mwenzake wa Murano angekuwa nao, kwa hiyo anajifunza kuamua mapema. Msanii akija na mchoro wa shingo ndefu nyembamba, fundi atamwambia shingo hiyo haitoki kwa kioo hiki, nao watakaa wachore upya. Mabadiliko hayo ya benchini ni nusu ya kazi, na kwenye maonyesho hayaonekani popote.

Wasimamizi wa maonyesho nikiwaambia, hunijibu kwamba kibandiko hakina nafasi. Siombi orodha ya kila aliyebeba ubao. Chini ya mwaka, kwa herufi zilezile, waandike jina la fundi mkuu na la karakana.