Maana ya adhabu ya kifo ya lazima katika kesi za mauaji Uganda

Adhabu ya kifo ya lazima ni ile ambayo sheria humwamuru jaji aitoe mara tu mshtakiwa anapopatikana na hatia, bila kumwachia nafasi ya kupima kosa lilitendeka katika mazingira gani wala aliyelitenda ni mtu wa namna gani. Uganda iliifuata kwa miaka mingi katika kesi za mauaji ya kukusudia, na bado utawasikia watu, kuanzia Kampala hadi Arua, wakisema kwamba anayeua lazima anyongwe. Sheria ya leo haisemi hivyo.

Katika utaratibu wa zamani, Mahakama Kuu ikisharidhika kwamba kuna mtu aliyekufa, kwamba aliuawa kinyume cha sheria, kwamba nia ya kuua ilikuwapo na kwamba mshtakiwa alishiriki, jaji hakuwa na la kupima tena. Mtu aliyelipwa fedha amvizie mfanyabiashara na kumpiga risasi, na kijana wa miaka 19 aliyewekwa mlangoni na kaka yake hali akijua kinachokwenda kutendeka ndani, wote wawili walihukumiwa kifo. Sheria ya mwenendo wa kesi iliiruhusu mahakama kuuliza habari za mkosaji kabla ya kutoa adhabu yoyote isipokuwa ya kifo. Yaani mwizi wa ng'ombe aliweza kusikilizwa kabla ya kufungwa, lakini anayekabiliwa na kitanzi hakusikilizwa. Kwa maoni yangu, hiyo ilikuwa dhuluma nzito, kwa sababu adhabu isiyoweza kurekebishwa ndiyo inayohitaji kusikilizwa kwa makini zaidi.

Mwaka 2003 wafungwa zaidi ya 400 waliohukumiwa kifo, akiwamo Susan Kigula aliyetiwa hatiani kwa kumuua mumewe, walifungua shauri katika Mahakama ya Katiba. Walishinda kwa sehemu mwaka 2005, Serikali ikakata rufaa, na tarehe 21 Januari 2009 Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi wa mwisho. Adhabu ya kifo yenyewe haikufutwa, kwa kuwa ibara ya 22 ya Katiba ya 1995 inairuhusu baada ya kesi ya haki, hatia na adhabu zikishathibitishwa na mahakama ya juu kabisa ya rufaa. Kunyongwa nako hakukuonekana kuvunja Katiba. Kilichobatilishwa ni ule ulazima. Majaji waliamua pia kwamba, ikipita miaka mitatu tangu hukumu ithibitishwe bila mfungwa kunyongwa wala kupata msamaha wa Rais, adhabu hiyo igeuke kifungo cha maisha bila kupunguziwa muda.

Wale ambao rufaa zao hazikuwa zimekwisha walirudishwa Mahakama Kuu wasikilizwe kuhusu adhabu peke yake. Kigula alipewa kifungo cha miaka 20 mwaka 2011, akatoka gerezani mwaka 2016, baada ya kusomea sheria akiwa katika gereza la Luzira kupitia Chuo Kikuu cha London. Bunge nalo lilipitisha mwaka 2019 sheria ya kuondoa ulazima huo katika vitabu vya sheria.

Tangu mwaka 1999 hakuna raia aliyenyongwa kwa hukumu ya mahakama za kawaida, lakini jaji bado ana mamlaka ya kutoa hukumu hiyo, na miongozo ya mwaka 2013 inaitaka iwekewe makosa mabaya kupita kiasi. Ndiyo maana utetezi wa kupunguziwa adhabu, unaotolewa baada ya hatia kutangazwa, una uzito mkubwa. Katiba inampa mshtakiwa wa kosa linaloweza kuleta kifo au kifungo cha maisha wakili anayelipwa na Serikali. Ni vyema ndugu wamfikishie wakili huyo mapema vyeti vya kuzaliwa, karatasi za hospitali na majina ya watoto wanaomtegemea mshtakiwa, kwa kuwa jaji hawezi kupima jambo ambalo halikuletwa mbele yake.